Kahawa Tamu Msibani

Mwaka wa tatu tangu jengo la Mtaa wa Washona Viatu liporomoke na kumfukia mwanangu Wissam pamoja na majirani zake, manispaa imeona vyema kutufanyia kumbukumbu. Wakaleta hema jeupe, viti vya vitambaa na vipaza sauti. Ungedhani tunaoza binti!

Mpangaji wa yote ni naibu meya, Bwana Ragheb, yule yule aliyegonga muhuri kwamba jengo ni salama wakati nyufa zilikuwa zinapitisha paka. Jumanne ijayo hakimu anaamua kama kesi yake iendelee au ifutwe. Ndiyo maana alitaka picha moja tu, akipokea kahawa ya msiba mkononi mwangu. Kwetu mfiwa akikupa kahawa ukainywa, mmepatana, na hakimu ni mtu wa hapa hapa.

Shemeji yangu Tannous, mdogo wake marehemu mume wangu, akaniletea kikombe cha manispaa.

"Mpe tu, shemeji. Kikombe kimoja, yaishe."

"Yaishe nini?"

"Watu wamechoka, mama."

"Wewe kaburi la Wissam hujalikanyaga mwaka mzima, leo umekuwa mpatanishi! Mpe wewe."

"Kamera zinakutaka wewe."

"Basi zikae zisubiri."

Chini ya kiti nilikuwa na birika langu la kahawa chungu, niliyowapikia wafiwa wenzangu. Humo hakukuwa na tone la Bwana Ragheb.

Bwana Ragheb alipoona siinuki, akajichukulia kikombe kwa mhudumu pale pale jukwaani, mbele ya kipaza sauti. Wahudumu walikodiwa kutoka ukumbi wa harusi, wakatia sukari kama walivyozoea. Akanywa, akaridhika, akarudisha kikombe na kusema kwa sauti:

"Daima!"

Hema zima likamgeukia. Hilo ndilo neno la mgeni aliyekunywa kahawa kwenye furaha, kuwaombea wenyeji isikatike. Msibani kahawa haina sukari, na mtu husema "Mungu amrehemu" tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nikamimina kahawa yangu, nikapanda jukwaani.

"Daima, mheshimiwa? Majengo yatuangukie daima?"

"Mama Wissam, nimeteleza. Ulimi hauna mfupa."

"Mwanangu alikuwa na mifupa. Niliitambua ndani ya mfuko."

Nikamnyooshea kikombe.

"Si uliitaka mkononi mwangu? Hii hapa. Lakini waambie watu kwanza kwa nini uligonga muhuri ule, ndipo unywe."

"Mama, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Kwenye kifusi?"

Akatazama kikombe, akatazama kamera, kisha akageuka kuelekea kwenye gari lake. Nilipogeuka nikamwona Tannous akimwaga kahawa yake ya sukari juu ya zulia la manispaa.

Picha aliyoitaka imetoka gazetini leo: mkono wangu umenyooka, kikombe kimejaa, na mgongo wake. Nimeikata. Jumanne nitampelekea hakimu aone kikombe hakikunywewa, na birika nitalibeba, iwapo mheshimiwa atakuwa tayari kusema.