Wali wa Makinda ya Shoro

Mjukuu wangu Yumna alikuwa na miaka minane. Skuli ilikuwa imefungwa, basi kila asubuhi tukishuka bondeni, kule Wingwi, kuamia mpunga. Tukikaa kondeni tukipiga debe, ili ndege tongo wanaoshuka kwa makundi wasitumalizie punje. Kazi hiyo huleta usingizi, nami nikimtegea vitendawili asilale.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Fundi wangu hana sindano, na nyumba kaishona."

Akakuna kichwa. "Cherehani!"

"Cherehani isiyo sindano umeiona wapi? Nipe mji."

"Haya, nakupa Makoongwe."

"Makoongwe nimekwenda, nimekula pweza wangu, nimerudi. Fundi ni shoro."

Nikampeleka ukingoni mwa konde, penye majani yanayofika magotini, nikamwonesha. Shoro ni ndege mdogo, hata kiganja changu hakijazi, kahawia mwenye michirizi, ukimtazama unaona majani tu. Huyavuta majani mabichi yakiwa bado yamesimama, akayafunga kwa utando wa buibui yakawa kama kichupa, mlango juu. Dume hupanda hewani akirukaruka, tsi, tsi, tsi, kila mruko na mlio wake. Hushona vibanda kadhaa. Jike akishaingia kimoja, bwana yule anakwenda kumwimbia mwengine.

"Kama Baba Ame," Yumna akasema. Ame ni jirani yetu, ana wake watatu.

"Nyamaza, wewe! Atakusikia."

Ndani ya kile kichupa mlikuwa na makinda manne, midomo wazi. "Wanakula nini, Bibi?"

Pale pale tongo wakashuka. Nikakimbilia debe. Shoro hagusi nafaka, hula panzi wadogo, buibui na viwavi, na mie hilo nalijua tangu sijaolewa. Sikurudi kumjibu.

Mwanangu Abdulnasir konde lake limepakana na langu. "Mama, debe lenu hilo tongo wanalichezea ngoma," akinitania kila siku. Lakini alikuwa amechoka. Jumatano, sisi tulipokwisha kurudi nyumbani, alipika wali, akautia dawa ya wadudu, akautandaza juu ya vipande vya majani ya mgomba kando ya konde. Hakuniambia. Alijua ningemkataza.

Alkhamisi tulipofika, bonde lilikuwa kimya. Dume la shoro halikuruka. Tongo walikuwa wamelala matopeni, miguu juu. Nikadhani ni maradhi ya ndege. Nikamwambia Yumna asiwashike, nikapanda upande wa juu kutazama kama na kuku wa watu wamekufa.

Niliporudi alikuwa amepiga magoti majanini. Shoro jike amekufa mbele yake. Nzi na sisimizi walioujia ule wali ndio aliowaokota ndege yule. Makinda yalikuwa yanalia njaa. Yumna ameshika moja, mdomo wa kinda ameuingiza baina ya midomo yake mwenyewe, na shavu limemjaa wali.

"Wanakataa kumeza, Bibi," akasema. "Mimi nimemeza kidogo. Mchungu."

Nikamtoa ule wali kwa kidole, nikamsukutua kwa maji ya chupa yangu. Hatujafika barabarani mate yakawa yanamtiririka, macho mboni zimekuwa kama tundu la sindano, mikono inamchezacheza. Ame akatupakia kwenye pikipiki yake, mtoto katikati. Njia ile ni mashimo matupu. Abdulnasir alitufuata kwa baiskeli, akafika hospitali sisi tumeshaingia.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Wali wa kondeni. Nani kauweka sijui."

"Wali huo una kitu gani? Nijue nimpe dawa gani."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Daktari akauliza mara ya pili.

"Abdulnasir," nikasema. "Nimekuzaa mie. Sema."

"Dawa ya panzi," akasema. "Ya chupa. Mama, nilitaka tongo tu."

Daktari akakimbilia dawa. Wakamchoma sindano, wakamchoma tena, wakamtia mpira wa hewa puani. Kabla ya alasiri Yumna alifariki. Inna lillahi.

Asya, mama yake, alikuja msibani kutoka Gombani alikokuwa akiuza vitambaa. Aliambiwa habari ya dawa na ya makinda na watu wa mlangoni, na alipoingia alimpita kaka yake kama anapita ukuta. Akakaa kwenye mkeka mbele yangu.

"Mama, ndege wa majanini hao. Nani kamfundisha kuwatafunia wali?"

Mwezi wa Rajabu uliopita kinda la njiwa lilianguka uani kwetu. Mie ndiye niliyetafuna wali, nikalilisha kwa mdomo wangu, nikampa Yumna naye ajaribu, tukacheka.

"Mie," nikasema.

Asya akainuka, akaenda kukaa kwenye mkeka wa wanawake wengine.