Nusu Chupa ya Cresensia

Alhamisi Valeria alivunja mtambo wa gongo wa Cresensia kwa shoka lake mwenyewe, na Jumapili akaenda kumwomba gongo. Afadhali lisemwe mapema, maana huko juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, kila mtu anaieleza habari hii kwa namna yake, na wengi wanaieleza ili wacheke. Mimi sioni cha kuchekesha.

Valeria ndiye mama yake Vedasto. Na Vedasto, kwa wasiomjua, alikuwa dereva wa watalii, tena siyo wa kubahatisha. Miaka tisa aliwashusha wageni kreta na kuwapandisha salama. Kiingereza chake kilikuwa safi, shati limenyooka, mkewe Eva akitembea Karatu mjini kichwa juu. Kisha pombe ikaanza kumla taratibu. Kwanza bia za jioni na madereva wenzake, baadaye konyagi ya asubuhi ili mikono itulie, hadi siku wageni walipomkuta amelalia usukani getini, injini inanguruma. Kampuni ikamwachisha kazi. Eva akachukua watoto, akarudi kwao Mbulu. Naye Vedasto, mwanaume wa miaka thelathini na minne, akarudi kwa mama yake na begi moja, akahamia kwenye gongo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Basi Alhamisi hiyo akina mama wa jumuiya walichoka. Wakateremka kwa Cresensia na majembe na mashoka, Valeria mbele. Pipa likapinduliwa, mpira wa kupitishia mvuke ukakatwakatwa, na kila chupa waliyoiona ikamwagwa. Bata wa jirani waliokunywa ile pombe iliyomwagika walizunguka uani wakianguka, na akina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Cresensia alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Valeria aliporudi nyumbani alimkuta mwanawe amekaa kizingitini. Alikuwa ameona yote kutoka pale juu.

"Mama," alisema, "nifungie stoo. Leo hii. Nikilia usifungue. Nikikutukana usifungue."

Jamani, ni mama gani asingelia kwa furaha? Valeria alisogeza pembeni magunia ya mahindi peke yake, akatandika godoro, akaweka ndoo na jagi la uji. Akapiga kufuli, akauvaa ufunguo shingoni pamoja na rozari.

Ijumaa mvua ikamwagika. Korongo likafurika na kula kivuko chote, hata bodaboda haikuweza kupita kwenda Karatu. Ndani ya stoo Vedasto alitetemeka, akatapika, akamtukana mama yake matusi ambayo mtu hayarudii. Valeria alikaa nje ya mlango kwenye kigoda, anachambua maharage, machozi yanamtoka, na hakufungua. Jumamosi vilevile. Majirani walipita wakimtia moyo: kaza hapohapo, mama, inamtoka hiyo.

Jumapili asubuhi matusi yakakoma. Badala yake ikasikika sauti ambayo Valeria hakuwa ameisikia kwa miaka miwili, sauti ya kazini, ya upole na heshima.

"Karibuni sana wageni wangu. Tunaanza kushuka. Naomba mkae ndani ya gari, na madirisha tufunge, nyani wa hapa ni wezi."

Akina mama waliokuwa wakitoka kusali walisimama uani, wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja akapiga kigelegele. Amepona! Anazungumza kazi! Wakaimba wimbo wa shukrani pale pale kwenye tope, wanapiga makofi, na Valeria akafungua kufuli.

Vedasto alikuwa amekalia debe lililopinduliwa. Mikono yake miwili ilishika usukani ambao haukuwepo. Shati lilikuwa limelowa jasho, macho yamemtoka.

"Veda, baba, ni mimi mama yako."

"Funga mkanda, mama. Faru yuko kushoto, tusimtishe."

Na Valeria akacheka. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko matusi yote, kwamba alicheka na mwanawe, akaketi kando yake juu ya gunia, akafanya kama anafunga mkanda. Alidhani ni utani wa mtu anayerudi. Kisha Vedasto akaanza kukung'uta mikono. Siafu, alipiga kelele, siafu wamejaa usukani, wanaingia machoni mwa wageni! Akajikuna hadi damu, akaanguka chali, mwili ukamkakamaa na kupigapiga sakafu kama mtu mwenye kifafa. Nyimbo nje zikakatika.

Penina, nesi wa zahanati, alikuja mbio na buti zake za mvua. Mshtuko ulikuwa umepita. Akampima joto, akamshika mshipa wa mkono, uso ukabadilika.

"Alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Chupa. Wakati mwingine zaidi."

"Na mkamkatisha ghafla?"

"Aliomba mwenyewe, nesi. Aliomba mwenyewe!"

Penina alipanda kilimani penye mtandao, akampigia daktari mmoja mjini, akarudi ameloa. Alisema bila kuzungusha. Mwili uliozoea hivyo, pombe ikiondolewa kwa mara moja, unaweza kumwua mtu. Kuna dawa ya kumtuliza, lakini iko hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya korongo. Vijana wanasema trekta litavuka kesho, mvua ikikubali. Mpaka hapo, apewe ileile aliyoizoea, kidogo kidogo, mshtuko mwingine usije.

"Apewe gongo?" Valeria aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Gongo ipi, Penina? Tumemwaga yote."

Penina aliangalia chini. Naye alikuwepo Alhamisi ile.

Valeria aliteremka kwa Cresensia akiteleza kwenye tope, khanga imemwanguka kichwani na hakuiokota. Alimkuta anapepeta mahindi. Pipa lililopasuka bado lilikuwa pale limelala.

"Shikamoo" haikuwepo wala "hodi". Valeria alisema tu, "Nisaidie gongo."

Cresensia aliweka ungo chini. "Si ulisema ni sumu?"

"Ni sumu."

"Sasa?"

"Nipe hiyo sumu, mwanangu anakufa."

Cresensia angeweza kumfukuza, na nani angemlaumu? Akaingia ndani, akarudi na chupa moja iliyojaa, ya plastiki, imefungwa kwenye soksi ya mtoto.

"Chache hamkuziona. Nilimwekea Wilibrodi, imebaki hii moja," alisema. Wilibrodi ni mumewe. "Ulidhani napika kwa kupenda? Mwaka juzi nilimnyima siku mbili, akaanguka hivyohivyo, akaung'ata ulimi. Tangu hapo napika. Ninayowauzia watu ni ile inayobaki."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nyie mlikuja na mashoka."

Akatafuta chupa nyingine, akamimina nusu kwa nusu, akiinama kupima kwa jicho, akiongeza huku, akipunguza kule, mpaka zikalingana. Mikono ya wanawake wote wawili ilikuwa imeshikilia chupa zile ili lisimwagike hata tone.

Nyumbani Valeria alimwinua mwanawe kichwa, akamlaza mapajani. Penina alishika kijiko. Vedasto aliposikia ile harufu alifumbua macho, akamtambua mama yake, na akafumba mdomo. Akatikisa kichwa. Hataki. Machozi yakamtoka pembeni ya macho, na bado hataki.

"Fungua, baba," Valeria alimbembeleza. "Fungua mdomo, mwanangu. Ni dawa."

"Siyo dawa," Vedasto alisema.

Valeria akambana pua, kama alivyombana akiwa na miaka miwili, na mdomo ulipofunguka akamimina. Akameza. Kijiko cha pili akakipokea mwenyewe. Cha tano akakifuata kwa shingo.

Alasiri alikuwa ametulia, jasho limekauka. Penina akaenda kumwangalia Wilibrodi. Mvua ilianza tena juu ya bati, kubwa, na Valeria alijua trekta halitavuka kesho. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Vedasto naye aliitazama, wote wawili wakipima kwa macho gongo ilipofikia.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini, ya adabu. "Nakuomba. Niongeze."

"Daktari amesema kidogo kidogo."

"Niongeze, mama. Nateseka."

Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka juu ya blanketi, au labda Valeria aliona hivyo. Hakujua tena anachokiona. Penina hakuwepo wa kumwuliza. Aliweka kijiko kando, akachukua kikombe.