Zimwi Lisilosubiri Zamu

Biskuti ndizo zilizomchoma Kuramochi kwanza, na mtu asiniambie kwamba biskuti ni jambo dogo. Alikuwa ametoka Tottori kwa wakwe zake, akaleta ofisini boksi la biskuti za peasi, kama anavyopaswa kila anayerudi safari, akaliweka kwenye meza ya kahawa. Mpaka jioni ilikuwa imepungua safu moja tu. Segawa, binti wa ofisi hiyohiyo, naye alikuwa amepita Kobe kumwona dada yake, akaweka lake asubuhi ya pili yake, na kabla kahawa haijapoa boksi lilibaki makombo matupu. Kuramochi alisimama pale na kikombe chake, akayatazama yale makombo.

"Kwani zangu zina sumu?" alijiuliza. Akala tatu palepale, kwa hasira, wala hakuwa na njaa.

Kuramochi Tatsunori alikuwa mtu wa namba katika kampuni ndogo ya gemu jijini Osaka. Ndiye aliyeamua zimwi lina uhai kiasi gani, upanga unakata vipi, shujaa anakomaa baada ya vita vingapi. Gemu zote sita za Ufalme wa Ukungu zilipita mikononi mwake, na zote zilikuwa za zamu: wewe unachagua pigo, unalipiga zimwi, zimwi linapokea kwa adabu, halafu nalo linakupiga wewe. Sasa ya saba ilikuwa njiani, na mkurugenzi wao, mzee Inui, alikuwa hajasema nani ataiongoza. Kuramochi aliitaka nafasi ile tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi. Hakuwahi kutamka, maana alidhani inajulikana.

Halafu kuna huyu Segawa wa biskuti. Siku aliyoajiriwa, huyu binti alimwinamia Kuramochi mpaka karibu paji la uso liguse meza. "Senpai," alimwambia, yaani mkubwa wake wa kazi, "mimi nilijifunza kusoma kwa gemu yako ya pili. Nilikuwa darasa la kwanza, huko Wakayama, nikimsumbua bibi yangu anisomee maneno ya mashujaa mpaka akachoka, ikabidi nijifunze mwenyewe." Nani asingempenda mtu wa namna hiyo? Kuramochi alimfundisha kila alichokijua. Na ni yuleyule Segawa aliyesimama kikaoni msimu ule wa kuchipua na kusema kwamba mambo ya zamu yamepitwa na wakati.

"Watu wa umri wangu hawasubiri," alisema. "Zimwi likija, wanataka kuruka, kukwepa, kupiga palepale. Wakikuta zimwi limesimama linawangoja, wanacheka. Senpai, samahani sana, lakini wanacheka."

"Waache wacheke," Kuramochi alijibu. "Kuna mtu ametoka kazini, amechoka, mkono mmoja ana kikombe cha chai. Anataka kufikiri, hataki kuruka-ruka kama panzi. Kusubiri ndiyo gemu yenyewe, bibie. Ukitoa kusubiri umebakiza nini? Vidole gumba tu!"

"Na huyo mwenye chai ana umri gani, senpai?"

Vijana walicheka, na mzee Inui akacheka pia. Kicheko kile cha mzee Inui kilimwingia Kuramochi mpaka kwenye mifupa. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake Fumika, mwenye miaka kumi na minne, alimuuliza mezani, akitafuna radishi ya kachumbari: "Baba, hivi yale mazimwi yako kwa nini hayakimbii? Yanalipwa mshahara?" Mama mtu alicheka mpaka akaweka vijiti chini. Kuramochi aliomba wali mwingine asionekane amenuna.

Mzee Inui alikata shauri kwa njia yake. Kila mmoja apewe mwaka atengeneze kipande kifupi cha ile gemu ya saba: Kuramochi kwa zamu, Segawa kwa mtindo wake wa papo kwa papo. Waje watu wa nje, wajaribu wa gemu, wacheze vyote viwili, na atakayependwa ndiye ataongoza. "Asinililie mtu baadaye," alisema mzee.

Basi mwaka ulipoisha, Jumatatu ya wiki ya majaribio wakaonyeshana vipande vyao kabla ya siku yenyewe. Cha Segawa kilipendeza, na Kuramochi roho ilimuuma kukiri hivyo: ukungu ulitembea, shujaa aliruka daraja huku shuka lake likipepea. Lakini Kuramochi alikuwa mtu wa namba, na alipoona mazimwi yanavyoanguka alitaka kupiga vigelegele. Yalikuwa yanaanguka kama mapapai yaliyoiva! Unaligusa, chali. Unagusa jingine, chali. Baada ya dakika chache mkono unacheza peke yake na akili imelala. Segawa alijua. Kuramochi alimwona aking'ata ukucha, akibadilisha namba moja, akirudisha, akibadilisha tena. Mwaka mzima alikuwa anahangaika nazo na hakumwuliza senpai wake hata mara moja. Angeuliza vipi, katika hali ile?

"Umefika mwisho wako, bibie," Kuramochi alisema moyoni, na akalala vizuri siku ile.

Kilichomharibia ni mzee Inui. Siku ya majaribio, asubuhi, alipita akasimama nyuma ya Segawa, akatazama shujaa akiruka daraja. "Mambo ndiyo haya," alisema. "Huku ndiko dunia inakoenda." Halafu akapita meza ya Kuramochi, akampigapiga begani. Hakusema neno. Bora angemtukana! Mtu hupigwa bega hivyo akistaafu.

Saa sita mchana taa za ofisi huzimwa. Wengine hutoka kwenda kula tambi, wengine hula chakula cha boksi mezani kisha hulaza kichwa juu ya mikono na kusinzia mpaka kengele ya saa saba. Segawa alikuwa amelala vile, nywele zimemfunika uso, meza mbili kutoka kwa Kuramochi. Kuramochi hakula. Aliketi kwenye giza lile la mchana na kijiba chake cha roho. Halafu akafungua namba za Segawa. Wala hakuhitaji kuvunja kitu. Yeye ndiye mkuu wa namba, na kila mlango wa namba ofisini ulikuwa wazi kwake.

Nia yake? Tusimpambe. Alitaka kuiua. Wajaribu walikuwa wanakuja saa nane. Alitaka wafike darajani, wakutane na zimwi la kwanza, na wasipite. Wafe, wafe tena, watupe vidude vya kuchezea, waondoke wakinung'unika. Akalipatia zimwi la kwanza uhai wa kutisha, akalipatia na pigo ambalo likikugusa mara moja umekwisha. Akatabasamu, akaicheza kidogo aone jinsi ilivyooza.

Hapo ndipo balaa ilipomkuta. Ilikuwa imeoza kweli, na hakuweza kuivumilia. Zimwi lilikuwa gogo tu, unalikata mpaka unachoka, halafu linakuua bila sababu. Hata aibu haikuwa ya Segawa pale, ilikuwa yake yeye, mtu wa namba. "Ah, hapana, hii hata adui simpi," alinong'ona. Akapunguza uhai. Akapunguza pigo, lakini akaliharakisha. Akajaribu. Akafa, na safari hii alijua kwa nini amekufa, ni uzembe wake. Akarekebisha tena: baada ya mapigo mawili zimwi livute pumzi, kidogo tu, mwenye macho apate nafasi. Akajaribu, akafa, akarudi. Alijiambia bado anaharibu. Bado ni ngumu, alijiambia, watashindwa tu. Akaenda zimwi la pili, la tatu, mpaka lile kubwa la mwisho, mgongo umepinda, ulimi umetoka nje pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika. Kengele ikalia, taa zikawaka, akafunga kila kitu upesi, jasho likimtoka.

Wajaribu walikaa upande wa pili wa kioo, na waundaji upande huu. Sheria ni kwamba upande huu hamna kusema wala kugonga kioo, hata mtu akipotea njia mbele yako. Walianza na cha Kuramochi. Walicheza kwa heshima. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa akikubali jambo, mzee mmoja akasema ni kizuri, kinamkumbusha zamani. Kijana aliyekaa pembeni alitazama saa ya ukutani, na Kuramochi alimwona.

Halafu kikaja cha Segawa. Wakafika darajani, na wote wakafa.

Segawa alisimama kando ya Kuramochi, mikono nyuma. Bwana mmoja wa makamo, mwenye suti, alilitazama zimwi kama mtu aliyetukanwa na mgeni. Akarudia, akafa. Akalegeza tai. "We mshenzi, we!" aliliambia zimwi, kwa sauti, mbele ya watu asiowajua, kisha akacheka peke yake na kurudia tena. Kijana wa saa ya ukutani alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Yule mwanamke alipiga mara mbili, akaona zimwi linavuta pumzi, akapita chini ya mkono wake na kulimaliza. Akaruka kutoka kitini, akakaa upesi kwa aibu. Muda ulipokwisha waliomba dakika tano. Wakapewa. Wakaomba nyingine.

Kuramochi aliziona zile nyuso. Alizijua, ingawa hakuwa ameziona tangu gemu yake ya pili. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto, na ajabu ya Mungu, hakujua amwonee nani. Namba zile ni zake! Kicheko cha yule mwenye suti ni chake! Na jina juu ya skrini ni la Segawa. Akitaka kudai chake, lazima kwanza aseme alikuwa anafanya nini kwenye namba za mwenzake taa zikiwa zimezimwa.

Hakusema. Mzee Inui hakuhitaji hata kuhesabu mikono.

Jioni hiyo ofisi nzima ilikwenda kula mishikaki ya kukaanga, na mzee Inui aliinua glasi ya bia. "Ya saba itaongozwa na Segawa!" Watu wakashangilia. Kuramochi akashangilia pia, meno yote nje, akijikaza.

"Lakini hebu niambie," mzee alimwuliza Segawa, "Jumatatu mazimwi yako yalikuwa uji. Leo yamekuwa na mifupa. Umefanya nini?"

"Si mimi, Mkurugenzi." Segawa akasimama. "Ni Kuramochi-senpai. Nilicheza kidogo kabla wajaribu hawajaingia, nikakuta zimwi linavuta pumzi baada ya mapigo mawili. Ile pumzi ni yake, imo kwenye gemu yake ya pili. Nimeijua tangu darasa la kwanza." Akamgeukia, akainama mbele ya wote. "Asante sana, senpai."

Meza nzima ikalipuka makofi. Amemsaidia mshindani wake! Siku yenyewe! Mtu ana moyo huyu! Mzee Inui alikuwa na machozi kabisa, sijui ya bia, sijui ya kweli. "Basi utamshikia Segawa namba za ya saba," alimwambia Kuramochi. "Nani mwingine?"

Kuramochi alitazama nyuso zile zinazompenda, akashindwa kuvumilia.

"Nilitaka kuiua," alisema. "Sikumsaidia mtu. Nilikuwa naiharibu."

Wakacheka mpaka glasi zikatikisika. "Kuramochi-san naye kwa mizaha!" mmoja alisema akimpiga mgongoni. Wakarudi kwenye mishikaki yao. Segawa peke yake hakucheka. Alikuja na glasi yake, akaketi karibu naye.

"Sikuwa nimelala," alisema polepole.

Kuramochi akamgeukia. "Uliona?"

"Nilikuona unaanza, namba zangu ziko kwenye skrini yako, unatabasamu vibaya. Nikataka kuinuka nikurukie. Halafu nikakuona unakunja uso, unafuta, unaweka, unafuta. Nikasema ngoja kwanza nione kama senpai anaweza kufanya kazi mbovu kwa makusudi."

"Sasa umeona."

"Nimeona." Alizungusha glasi mezani. Sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya kikaoni tena. "Mwaka mzima, senpai. Mwaka mzima nimezililia namba zile, mpaka ndotoni. Wewe unakuja na hasira zako, hata chakula hujala, saa moja tu, umezipata. Unajua nilipozicheza nilisikia nini? Nilikuchukia. Nilikuonea gere. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nataka kuzifuta zote nirudishe uji wangu, angalau ni wangu."

"Mbona hukuzifuta?"

"Zilikuwa nzuri," Segawa alisema, na macho yakamjaa maji. "Na sasa kila mtu akinisifu nitajua ni uongo."

Kuramochi alikuwa amepoteza gemu aliyoisubiri maisha yake yote, na kuanzia Jumatatu angemwinamia mwanafunzi wake mwenyewe. Alilijua hilo, lilikuwa limemkaa kifuani kama tonge lililokwama. Lakini chini yake kitu kikaanza kupata joto, kitu kisichopendeza hata kidogo, na hakukizuia. Akamsogelea Segawa.

"Ulinionea gere kiasi gani?" aliuliza.

"Sana, senpai. Kupita kiasi."

"Hebu rudia," alisema.