Agizo Lililokunjwa

Haya ni kweli tupu, sijatia hata chumvi ya kuonja. Nikidanganya, sindano ya cherehani initoboe kidole, na mimi nimeshona suruali za watu tangu nikiwa na nywele kichwani mpaka nilipostaafu.

Mke wangu aliota jipu chini ya goti. Jipu likawa kidonda. Hospitali wakamlaza, wakachukua usaha na kuupeleka maabara kwa binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuotesha bakteria na kuwajaribia dawa. Akatoa jibu: dawa hii inawaua vizuri. Mke wangu akaanzishiwa. Mguu ukazidi kuvimba.

Asubuhi daktari alibonyeza ukingo wa kidonda, mke wangu akauma shuka.

"Kesho tutaondoa nyama iliyooza," daktari akasema. "Isiposaidia, itabidi tufikirie mguu wenyewe. Kuna dawa nyingine anayomeza?"

"Hakuna. Mimi ndiye mlinzi wake. Hata mbu akitaka kumuuma, ananiomba ruhusa."

Wodi ikacheka. Mke wangu hakucheka.

Nikashuka maabara. Binti alikuwa ameinamia kisahani, macho mekundu.

"Baba Mdogo, mimi ndiye niliyesema dawa inafaa. Mama Mdogo akikatwa mguu nitamtazamaje?"

Ili kumtuliza, nikamwambia niliwahi kuwaona bakteria kwa macho matupu, wamepanga foleni kwenye tundu la sindano.

"Walikusalimia?"

"Mmoja tu. Wengine hawana adabu."

Alitabasamu nusu, akanisogezea kisahani. Alikuwa amerudia kipimo. Bakteria walikuwa wametanda kama ukungu, na juu yao viduara viwili vya karatasi: kimoja kina dawa ya kidonda, cha pili dawa ya koo, ambayo nayo maabara huipima. Kando ya dawa ya kidonda bakteria walikufa, pakabaki duara safi. Lakini upande uliotazama dawa ya koo, duara lilikuwa limekatwa bapa kama kwa mkasi. Hapo walikuwa hai.

"Mara ya kwanza niliviweka mbali kimoja na kingine," akasema kwa sauti ya chini. "Nisingeweza kuliona hili."

"Ina maana wamejificha?"

"Sikiliza. DNA yao ni uzi mmoja. Ukiunyoosha, unauzidi mwili wa bakteria mara elfu, kwa hiyo umesokotwa na kukunjwa ndani. Hawausomi wote kwa mpigo, wananakili kipande kinachohitajika. Hawa wana jeni ya kujikinga. Nakala ya agizo lake hujikunja hivi," akakunja kona ya koti lake jeupe, "mwanzo unafichika, kinga haitengenezwi. Ikija dawa ya koo, hata kidogo, mkunjo unafunguka. Kinga ikishatengenezwa, dawa zote mbili hazifui dafu."

"Kumbe mafundi kama sisi. Hawakati kitambaa mpaka mteja aje." Nilisema hivyo nikirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Basi huyo mteja ndiye ninayemtafuta. Nani amempa Mama Mdogo dawa ya koo?"

"Labda upepo."

Alivua glavu, akapanda ngazi, nami nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa machinjioni.

"Mama Mdogo, unameza kitu kingine?"

"Si vile vidonge vyekundu anavyoniletea huyu mzee na chai? Alisema daktari ndiye aliyemtuma."

Vilikuwa masalia ya dawa niliyopewa nilipougua koo. Niliona kidonda kikipigwa na wawili kitaanguka upesi.

Wodi nzima ilinigeukia. Mke wangu akaninyooshea kidole mlangoni.

"Nenda kwa daktari. Mwambie yote, usitie kiraka."

Nilimwambia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alibadilisha dawa. Kesho yake nyama ilikatwa vilevile, shimo la kuingiza ngumi. Kuhusu mguu, alisema tusubiri.

Mke wangu alipozinduka nilipiga magoti kando ya kitanda chake. "Nikulipe nini, mama?"

"Mdomo wako. Sitaki kusikia hadithi hata moja humu mpaka nikanyage chini."

"Hata fupi?"

"Umeanza."

Jioni mgonjwa wa kitanda cha pili akaniita: "Mzee, tuchekeshe basi, wodi imepoa."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amefumba macho, mkono ameukaza juu ya paja kana kwamba kuna mtu anakuja kumwibia mguu. Nikainama, nikabeba beseni lake la kunawia, nikatoka nalo kimya.