Wimbi la Kaka na Friji la Pembeni

Kaka yake alifariki kabla ukoo haujaelewa alikuwa akifanya kazi gani. Mwanafizikia, hilo walilijua. Lakini fizikia na ubongo, wapi na wapi? Shangazi alikuwa hachoki kumwuliza, "Sasa mwanangu, wewe unatibu nini?" Naye hucheka, "Sitibu, shangazi. Nasikiliza seli za ubongo zikipigiana kelele, kisha nazitafutia hesabu." Shangazi huguna: "Haya, ilimradi wanakulipa."

Yeye, mdogo wake wa kike, ndiye aliyetumwa chuoni kuchukua vitu vya marehemu. Mjane alimwambia, "Wifi, nenda wewe. Mimi miguu haitanifikisha pale. Ila niulizie ile makala yake ya mwisho. Watoto wapate cha kushika."

Chumba kilikuwa na meza mbili, nyaya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka kulala, kisahani chenye seli hai za ubongo wa panya, na friji kuukuu pembeni. Mwenzake wa meza ya pili, bwana mrefu ambaye marehemu alimwita Twiga, alimpa pole, kisha akamvutia kiti.

"Dada, makala haijapelekwa kwenye jarida," alisema hatimaye. "Kuna jambo."

Akamwonyesha kwenye kompyuta. Marehemu aligundua kwamba seli zile huchachamaa zote kwa pamoja, hutulia, kisha huchachamaa tena, wimbi la polepole ambalo wenzake hawakuwa wamewahi kuliona. Kazi yake yote ya miaka iliishia hapo. Lakini juzi Twiga alikuwa ameketi peke yake, hana wa kutaniana naye, ndipo akalisikia friji. Linanguruma, linanyamaza. Linanguruma, linanyamaza. Akatazama kompyuta. Wimbi linapanda, linashuka.

"Umeme wa friji huvuja mpaka kwenye nyaya zetu. Tukirekodi tunalichomoa, ni mazoea. Lakini siku aliyorekodi wimbi hili mimi sikuwepo, na wewe ulikuja kumtembelea. Alikuwa amelichomoa?"

Alijaribu kukumbuka. Kaka alimpa maji ya kunywa. Yalikuwa ya baridi? Yalikuwa vuguvugu? Alikumbuka kikombe, alikumbuka alivyotaniwa kuwa amenenepa, maji yenyewe hakuyakumbuka. Moyo ulitaka kusema ndiyo, alilichomoa. Neno moja tu, jina la kaka lisimame.

"Sijui," alisema. "Kweli, sijui. Kwani hamwezi kurudia?"

Twiga akatazama chini. "Nilikuwa naogopa kurudia peke yangu."

Wakalichomoa friji, wakangoja. Mstari kwenye kompyuta ulilala, ukalala, mpaka akahisi wanamzika kaka mara ya pili. Kisha ukainuka. Kidogo, kwa kuchelewa, umepinda.

Akamshika Twiga mkono. "Ndilo lenyewe?"

"Hili si la friji, friji limelala."

"Basi kaka alikuwa sahihi!"

"Lakini si lile aliloandika. Lile lilikuwa kubwa, lina mpangilio. Hili..."

"Jamani, wewe si ndiye msomi?"

"Msomi wa nini, dada. Nimechanganyikiwa kuliko wewe." Akajifuta uso. "Tunaweza kuipeleka ilivyo, hakuna atakayejua. Au tuanze upya, na huenda hata hili dogo likapotea. Wewe ndiye mwenye marehemu. Sema."

Akili yake ilikwenda huku, ikarudi, ikakwama. Kichwani alimwona kaka akiweka kitabu chini na kusema hajaridhika, kisha akawaona watoto.

"Isiende," alisema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno.

Simu ikalia. Wifi yake.

"Wameichapisha?"

"Bado, wifi."

"Kwani ilikuwa kweli au si kweli?"

"Kuna kitu. Ila hata wenyewe hawajakijua."

"Sasa watoto niwaambie nini?"

Akageuka. Twiga alikuwa ameinamia kompyuta, kidole kwenye mstari.

"Subiri, wifi," alisema, "linapanda tena," ingawa wifi hakuwa na namna ya kujua ni nini kilichokuwa kinapanda.