Mioyo Iliyovundikwa

Wewe unayesoma, tayari umeanza kutazama pembeni. Mwaka wa hamsini na tisa nyumba zilipoungua ulisema hayo ni mambo ya vilimani. Sabini na tatu ukasema ni mambo ya wanafunzi. Haya, tuanze na jambo dogo lisilokutisha: wazee wanapimwa moyo.

Jumanne ya kwanza ya Februari, mwaka huu wa 1994, saa tatu asubuhi, muganga Béatha alipanga mabenchi mbele ya kanisa, kwenye kilima kimoja nyuma ya Kagarama. Alikuwa na mpira wa kusikilizia kifua, mkanda wa presha na daftari la kijani. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, umri, nyumba, kabila. Asiyepimwa haandikwi.

Wa kwanza alikuwa mzee Léonidas. Béatha alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia.

“Muzee, moyo iko wapi?”

“Iko nyumbani, muganga. Nimeiacha.”

Béatha akaita anayefuata. Naye alikuwa ameuacha. Ilipofika saa sita, wazee thelathini walikuwa wamefunua vifua vitupu, wakafunga vifungo, wakashukuru, wakaondoka. Ukurasa ulibaki mweupe.

Hakuna aliyefundishwa. Waliojificha migombani enzi zile walijua kwamba wachomaji hupekua dari, hupekua kitanda, lakini hawafukui shimo la kuvundikia ndizi. Basi kila mzee aliutoa moyo wake, akaufunga kwa jani la mgomba, akaulaza shimoni pamoja na ndizi za kutengenezea urwagwa. Kwa joto lake, ndizi zilizohitaji siku nne ziliiva kwa mbili, na pombe ikawa tamu kuliko kawaida.

Mukecuru Épiphanie, bibi mjane jirani ya Léonidas, naye alivundika wake. Ila miguu yake ilikuwa imevimba hadi ndara zikakataa kuingia, na kupanda kutoka kisimani alikaa chini mara tatu. Alijua moyo unaumwa. Hata humo shimoni ulikwenda kwa kujikwaa.

“Nitaupeleka,” alimwambia Léonidas.

“Watakuandika, dada. Mimi nimeandikwa mara mbili maishani. Mara zote mbili nimejenga nyumba upya.”

“Nisipoupeleka nitakufa.”

“Kitandani! Mwenye bahati wee.”

“Wivu huo, Léonidas.”

Jumanne ya pili aliufukua, akautia katika kikapu chenye mfuniko alichopewa siku ya harusi, akakibeba kichwani hadi kanisani. Béatha aliweka mpira juu ya jani.

“Umepanuka, mama. Na mlango wake mmoja haufungi.”

“Nyumba ya mjane, mlango gani unafunga?”

Béatha alicheka, akampa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi. Kisha akaomba kitambulisho. Kalamu iliandika jina, umri, nyumba yenye mlango wa buluu, halafu ikasimama.

“Muganga, hiyo ya nne dawa inaiuliza?”

“Dawa haiulizi, mama. Daftari ndiyo inauliza.”

Akaandika.

Vidonge vilikuwa vizuri. Kufikia Ijumaa ndara ziliingia. Épiphanie aliurudisha moyo kifuani, akapanda kutoka kisimani bila kukaa hata mara moja, na kwa siku nne akawa mtu mwenye afya.

Jumanne ya tatu alimkuta konseye Eustache, mkubwa wa kilima hicho, amesimama penye benchi, daftari mkononi.

“Kilima kizima, mwenye moyo ni mmoja tu?” Eustache alicheka hadi akakohoa. “Mama, kumbe mlango wa buluu ni wako.”

“Ndiyo, bwana konseye.”

“Daftari ya nini, bwana konseye?” aliuliza Béatha.

“Tunawapenda wazee wetu.”

Akalitia kwapani, akashuka nalo barabarani. Béatha hakumfuata. Alikunja mkanda wa presha, akautia mfukoni.

Kwa kuwa hapakuwa na kazi tena, alimsindikiza Épiphanie. Migombani kwa Léonidas alipiga magoti, akaweka mpira juu ya shimo.

“Inapiga vizuri?” aliuliza Léonidas.

“Haipigi. Ni miguu. Watu wanakimbia.”

“Wangapi?”

“Wote.”

Léonidas aliongeza majani juu ya shimo, akayakandamiza kwa kisigino.

Asubuhi iliyofuata mlango wa buluu ulikuwa na alama ya chokaa. Épiphanie aliifuta kwa jani lenye umande. Kabla jani halijakauka, alama ilikuwa imerudi. Alifuta mara tatu, kisha akaacha, maana kulikuwa na maharage ya kupalilia. Alimeza kidonge cha siku hiyo, akautoa moyo, akauvundika kando ya ule wa Léonidas. Nao ukaanza kukimbia na wenzake, ukiwa nyuma kidogo, kwa sababu ya ule mlango usiofunga.

Moyo umefichwa. Jina halikufichwa.

Daftari la kijani liko Kimihurura, katika ofisi moja ya serikali unayoipita kila siku ukienda kazini, kabati la chini, halina kufuli. Una ufunguo wa mlango wake wa nje, usijifanye huna. Ukurasa una mstari mmoja tu, hautakuchosha. Acha kutazama dirishani. Inuka, nenda ukauchane, leo hii, kabla mstari wa pili haujaandikwa.