Vyungu Viwili vya Kisa

Miaka yote Neema alipomfanyia binti yake Kisa sherehe ya kuzaliwa, wifi yake Anyisile hakutia mguu kijijini kwao Lyulilo, ufukoni mwa ziwa. Mwaka wa saba akatokea asubuhi na mapema, kabeba mchele na gauni la mtoto, kaongozana na kaka yake Zebedayo, ambaye kazi yake siku hiyo ilionekana kuwa kushika simu.

"Ugonile, wifi!" Anyisile alisalimu, meno yote nje.

"Ndaga, wifi. Karibuni."

Moyoni hakukaribisha mtu. Tangu mumewe Ambwene azikwe, miaka miwili sasa, ukoo wake kule Ipyana ulikuwa ukinong'ona kwamba mtoto ni wa upande wa baba, akifika umri wa shule arudi kwao. Na wiki iliyopita jirani yake Keziya alikuja na jipya kutoka sokoni: "Wameketi kikao, dada. Wamesema mtoto aulizwe mwenyewe anataka kukaa wapi."

Basi Neema akawa anasubiri swali hilo litoke kwa nani, na kwa njia gani. Wifi akimpa mtoto soda, Neema anatazama. Wifi akimsuka nywele, Neema anapita na sinia la wali kama mtu aliyepotea njia kwenye ua wake mwenyewe. Keki ikakatwa, Kisa akamwagiwa maji akapiga mayowe, watoto wakaruka kamba, wakacheza kombolela mpaka kuku wakahama. Hakuna lililoulizwa.

Ukafika mchezo wa chungu. Kwa wafinyanzi wa ufuko huo, Neema akiwemo, chungu kilichopata ufa motoni hakitupwi, huwekewa watoto. Kinafunikwa juu ya karanga na pipi, mtoto anafungwa kitambaa machoni, anapewa fimbo, na wenzake wanampigia kelele za kumwelekeza, nusu kweli nusu uongo. Akikipasua, vilivyomo ni vya wote.

"Leo tucheze kivingine," alisema Anyisile. "Tuweke vyungu viwili. Kimoja cha mama, kimoja cha shangazi. Tutaita sisi wawili tu. Watoto, kimya!"

"Mchezo wa wapi huo, wifi?"

"Wa kwetu Ipyana."

"Ipyana mmeanza lini kufinyanga?"

Wanawake wakaangua kicheko. Anyisile naye akacheka, lakini jicho lake lilikwenda kwa Zebedayo, na Zebedayo akainua simu.

Hapo Neema akaelewa. Kumbe swali lenyewe ndilo hili. Wataionyesha video kikaoni: tazameni, hakushikwa mkono, hakutishwa, kachagua mwenyewe. Akiuzuia mchezo, watasema mama kaogopa. Na Kisa alikwisha kufungwa kitambaa, anachezesha fimbo hewani kwa furaha.

"Kisa! Huku! Njoo huku!" Neema aliita.

"Njoo, mwanangu," aliita Anyisile kwa sauti laini. "Taratibu, usijikwae."

"Kisa! Nimesema huku! Unanisikia?"

Mtoto alisimama. Mabega yakampanda, kama siku ile alipomwaga ndoo ya maji. Kisha akageuka, akaifuata sauti laini, akapiga. Chungu cha shangazi kikapasuka na watoto wakaangukia karanga.

"Umeipata, kaka?" Anyisile aliuliza chinichini.

"Nimeipata."

Neema alimvua mtoto kitambaa. "Mbona hukuja kwangu?"

"Ulikuwa unanigombeza," alisema Kisa.

Neno hilo lilimchoma kuliko simu. Wifi alitega, sawa; lakini aliyemfukuza mtoto ni woga wake yeye. Neema alitazama kitambaa mkononi, akajifunga mwenyewe.

"Bado zamu yangu! Watoto, kila mmoja aniite mama, nimtafute wangu. Kisa, jichanganye na wenzako. Shemeji Zebedayo, usishushe simu. Rekodi na hii."

"Wifi, umri huo?" Anyisile alisema.

"Acha nicheze."

Sauti kumi na mbili zikalipuka ua mzima. Mama huku! Mama kule! Eliud wa Keziya aliigiza kitoto kichanga, wenzake wakajigaragaza kwa kicheko. Neema alinyoosha mikono, akageuka hivi, akageuka vile, akapotea kabisa. Akapiga hatua kuelekea vicheko, akapiga nyingine, na joto likaanza kumgusa miguu. Hakujua ni nini.

"Mama, simama! Majivu yana moto!"

Mkono mdogo ulimkamata kitenge, ukamvuta nyuma kwa nguvu. Neema alivua kitambaa. Mbele yake lilikuwa rundo la majivu ya vyungu vya jana, chini bado jekundu. Kisa alikuwa analia, kitenge amekishika kwa mikono yote miwili.

"Kaka, zima," alisema Anyisile.

Zebedayo hakuzima. Kama alikuwa akimsaidia dada yake au akimsaliti, Neema hakuweza kusoma chochote usoni mwake, na hakuona haja ya kumwamini. Alimbeba Kisa, mzito kama alivyokuwa, akamfuta machozi kwa kiganja chenye udongo.

"Wifi," alisema, safari hii bila kupaza sauti, "karibu chakula. Ukishiba, uniulize ulichotumwa kuuliza. Niulize mimi, mbele ya hawa kina mama. Mtoto ana miaka saba, mwache acheze."